Upepo Upo, Mbona Hatuondoki?

SWALI: Shikamoo Mzee. Pasaka iliyopita mimi, mke wangu na rafiki zetu wawili tulipanda basi kutoka Nairobi mpaka Mokowe, tukavuka Lamu. Tulikuwa tumeelewana na nahodha mmoja kwa simu atupeleke Mombasa kwa jahazi, kwa tanga, kama walivyosafiri wazee. Nikamtumia elfu kumi na nane za kutangulia. Tukakaa siku tisa. Siku nne za mwanzo bahari ililala kama mafuta kwenye karai. Siku ya tano ukaja upepo wa kung'oa kofia, nami nikafunga mabegi. Nahodha akaja gatini, akatazama juu, akasema, "Bado." Kesho yake, "Bado." Likizo ikaisha, tukarudi na basi. Pesa amerudisha elfu sita tu, nyingine anasema ziliingia kwenye mchele na maji. Je, alitudanganya? Upepo anaoutaka ni upi? Na ile mashine iliyofungwa nyuma ni pambo? Ajabu ni kwamba mke wangu anasema hajapumzika hivyo tangu tuoane. Kila asubuhi alikuwa akifuata mkate wa mofa na kahawa. Mimi nilijiona mfungwa.
Mwenye Haraka, Umoja, Nairobi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisomea hapa Pangani nikiwa na sweta mbili, na hizo sweta ni sehemu ya jibu. Baridi hii ya Julai na mawingu yanayoziba jua la Nairobi mchana kutwa huja na kusi, upepo utokao kusini. Ndiyo hiyohiyo iliyokung'oa kofia Amu, yaani Lamu, mwezi wa Aprili, ilikuwa ndiyo kwanza inaingia.

Shida yako haikuwa upepo kukosekana, ni unakotoka. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, tuseme Desemba mpaka Machi. Kusi hushika Aprili na kuendelea mpaka Septemba hivi, na Juni na Julai ndiyo kali. Katikati ya pepo hizo kuna siku za maleleji, wengine huita tanga mbili, ambapo kaskazi imekufa na kusi haijazaliwa vizuri: leo shwari, kesho mvua na upepo wa kuzunguka. Zile siku nne za mafuta kwenye karai ndizo hizo. Sasa, kutoka Amu kwenda Mombasa unashuka kusini-magharibi. Kwa kaskazi upepo unakuja tezini, nyuma ya chombo, tanga linajaa, na ukikaa vizuri ni safari ya mchana na usiku. Kwa kusi unakupiga omoni, mbele ya chombo. Na si upepo peke yake, mkondo wa bahari nao wakati huo unapanda kaskazini, unakurudisha ulikotoka.

Utasema, si chombo hubisha, yaani huenda upande huu na ule kuukabili upepo? Hubisha, lakini jahazi si zile boti za mashindano. Kila ukitaka kubadili upande, ile foromali, boriti ndefu inayobeba tanga, isimamishwe wima kwenye mlingoti na kupitishwa upande wa pili, huku chombo kikigeuzwa kwa tezi. Kwenye maji matulivu ni kazi ya kuimbia. Kwenye mawimbi ya kusi, na abiria wanne wa Umoja wanaotapika miguuni mwa mabaharia, ni kazi ya kuvunja mtu mkono. Tena ukishapita Kipini unaingia Ghuba ya Ungwana, na huko pa kujificha ni pachache. Mashine uliyoiona ni ya kuingilia na kutokea bandarini, au ya kukuokoa shwari ikikushika jioni. Ukitaka ikubebe mpaka Mombasa dhidi ya kusi, bei ya mafuta utaomba urudi na basi.

Nami nimeyasubiri hayo. Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na mitatu, jahazi la mjomba lilikuwa limepakia boriti za mikoko za kwenda Mombasa, nasi tumechelewa, kaskazi iko ukingoni. Tulikaa nangani siku kumi na moja. Mchele ukaanza kupimwa kwa kikombe cha kahawa. Kila alfajiri mjomba alikuwa akiniamsha tukatazame omo imeelekea wapi, maana chombo kikiwa nangani huelekeza uso kwenye upepo. Mimi nikawahi siku moja kupiga kelele, "Mjomba, imegeuka!" Akanipiga kofi la kisogoni, la mapenzi lakini la kusikika. Ilikuwa maji yanapwa, na maji ya kujaa na kupwa nayo hukizungusha chombo. Lazima usubiri maji yasimame, ile nafasi fupi kabla hayajabadilika, ndipo omo ikwambie kweli. Siku ya kumi na mbili yalisimama, na omo ikawa inatazama Manda, kaskazini-mashariki. Mjomba hakusema neno, alianza kukunja mkeka. Kaskazi ile ya mwisho ilitufikisha Malindi, ikafa, tukakaa tena siku nne.

Hapohapo Malindi, Aprili ya mwaka 1498, Vasco da Gama alikaa siku tisa kama wewe. Yeye alikuwa akienda India, kwa hiyo kusi ilikuwa rafiki yake. Aliondoka tarehe 24 na rubani aliyeijua bahari hiyo, na kabla ya mwezi kutimia alikuwa ameshafika pwani ya Calicut. Kurudi hakungoja. Aling'oa nanga Oktoba kabla kaskazi haijashika, akahangaika baharini karibu miezi mitatu, na wengi katika watu wake wakafa kwa kiseyeye njiani.

Basi nahodha hakukudanganya aliposema bado. Ila kuna jambo moja simtetei. Ulipompigia simu ukamwambia Pasaka, alijua. Kila nahodha wa Amu anajua Aprili ni nini. Alipaswa kukwambia, "Mwanangu, njoo Januari," na badala yake akapokea pesa. Na hiyo hesabu ya mchele mwambie airudie: mchele hauozi kwa siku tisa, na kama hamkupanda chombo, basi uko stoo kwake au tumboni mwake. Maji nayaachia. Ningekuwa wewe ningemtaka arudishe elfu nyingine sita, au azihesabu zote kwenye safari ya mwakani, na aandike kwenye ujumbe wa simu, si kwa mdomo.

Mwakani nenda kuanzia katikati ya Januari mpaka mwisho wa Februari, kaskazi ikiwa imeshika. Najua shule hazijafungwa na bosi wako hataelewa. Likizo za Nairobi zilipangwa na watu wasiotazama tanga: ya Aprili inaangukia maleleji, ya Agosti inaangukia kusi. Ukibanwa kabisa na Agosti, geuza safari, panda chombo Mombasa mshuke Lamu, kusi itawasukuma kwa nyuma. Mtalowa, lakini mtafika. Na basi la kurudi usilikatie tiketi mapema.

Mkeo mpe salamu zangu. Muulize hiyo mofa alikuwa akiinunua kwa nani. Nilipoondoka Amu kulikuwa na bibi mmoja nyuma ya soko, tanuri lake limepasuka ubavuni na amelifunga kwa waya, na kama bado anaoka nitapanda basi hata kesho.