Kabla hujawasha moto karibu na amethisto

Jiwe la kwanza kuniharibikia mkononi lilikuwa amethisto, kito cha rangi ya zambarau. Mama mmoja alileta pete ya fedha iliyokatika, nami nikailehemu bila kung'oa jiwe. Ilipopoa, zambarau ilikuwa imekwenda. Jiwe lilibaki la manjano kama chai iliyochujuka, na ufa juu yake. Fundi mkuu alinikata mshahara, na haki alikuwa nayo.

Wewe uliyeingia kazini juzi huku katikati ya Nairobi, ijue kwanza asili ya rangi hiyo. Amethisto ni kwatzi, madini yale yale ya mchanga wa kawaida, yenye chuma kidogo sana ndani, kilichopigwa na mnururisho (miale isiyoonekana) wa miamba kwa muda mrefu mno. Moto huifuta kazi hiyo kwa dakika chache. Mawe mengi yakichomwa kufikia nyuzi 400 au 500 za Selsiasi hugeuka manjano, na sehemu kubwa ya sitrini, yaani kwatzi ya manjano, inayouzwa ilianza hivyo. Jua nalo hula rangi polepole, kwa hiyo usiyapange kwenye dirisha linalochomwa na jua la mchana.

Ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Wageni wengi wakisikia hivyo huona limekwisha kuwa chuma. Lakini vumbi la mji huu lina chembe za kwatzi ile ile. Ukilifuta kavukavu kwa shati unalipiga msasa. Tumia maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na mswaki laini. Mashine ya mvuke iache. Usilichanganye na almasi au yakuti kwenye kikasha kimoja, yatalikwaruza.

Ukinunua, toka nje uliangalie mchana, maana balbu za manjano huliongezea wekundu. Litumbukize majini juu ya karatasi nyeupe: mara nyingi utaona kanda za rangi, nzito na nyepesi. Kioo hakina kanda hizo, ila viputo vya duara. Lililokuzwa kiwandani ni kwatzi kweli. Hapo jicho halitoshi, lipeleke maabara.

Na asikutishe mtu kwa bei. Zamani lilithaminiwa pamoja na rubi, mpaka karne ya 19 Brazili ilipoanza kulitoa kwa wingi. Ya Kalomo, Zambia, ndiyo nipendayo mimi, kwa zambarau yake nzito.

Lile la manjano bado ninalo drooni. Wanagenzi huniuliza ni sitrini ya wapi.