Mama Karani Ajibu: Amri ninayo, pesa sizioni

*Mama Karani, salamu kutoka Kondele. Nauza omena soko la Kibuye. Korti ilimwamuru baba ya watoto wangu wawili atume shilingi 6,000 kila mwezi. Alituma miezi mitatu akanyamaza, na huu ni mwezi wa 11 wa ukimya. Anasema hana kazi, lakini juzi nimemwona juu ya pikipiki mpya. Wakili niliyemuuliza alitaja pesa ambazo ningekuwa nazo nisingekuandikia. Kwa hasira nimewazuia watoto wasiende kwake wikendi. Nifanyeje?* – Mama Wawili

Mwanangu, hapo kwa wakili umenichekesha. Kwa hatua hii unaweza kwenda bila yeye. Nilikaa nyuma ya kaunta ya masijala ya korti, panapotunzwa mafaili ya kesi, miaka mingi kabla ya kustaafu, na akina mama wengi niliowaona wakifanikiwa walikuja na daftari la shule tu.

Ujue kwamba kortini hakuna anayeangalia kila tarehe 5 kama baba ametuma. Faili yako imelala kwenye rafu mpaka wewe uiamshe.

Basi nunua daftari. Chora safu nne: mwezi, kilichoamriwa, kilichotumwa, kilichobaki. Pata taarifa yako ya M-Pesa, uichapishe. Kila alichotuma kiandike, hata kile cha Krismasi ulichokiona kama dharau. Kuna mama alificha 2,000. Bwana akatoa simu mfukoni, akamwonyesha hakimu ujumbe, na tangu hapo hata maneno yake ya kweli yakatiliwa shaka. Miezi 11 ni 66,000. Kama alirusha 3,500 humo katikati, unadai 62,500. Hesabu ikae wazi hivyo, hakimu asisumbuke.

Nenda masijala ya korti iliyotoa amri, ukiwa na namba ya kesi na nakala ya amri. Waambie unataka kudai malimbikizo, yaani deni la miezi asiyolipa. Utaandika ombi na hati ya kiapo, na ile hesabu uiambatishe. Omba aitwe aeleze kwa nini asifungwe kwa deni hilo. Akiwa na mwajiri, omba mshahara ukatwe kabla haujamfikia. Mali yake pia yaweza kukamatwa, ila hiyo pikipiki ichunguze kwanza: nyingi mjini ni za mkopo.

Akikimbia samansi? Tangu 2020 kanuni zinaruhusu hati zitumwe kwa WhatsApp kwenye namba anayoitumia. Anayetuma ni mpeleka hati aliyeidhinishwa na korti, si wewe, naye ataapa akionyesha kwamba ujumbe umefika. Akiitwa asije, omba waranti ya kumkamata.

Kifungo cha deni hakizidi miezi sita, na akitoka deni halijafutika, ingawa hawezi kufungwa tena kwa deni lile lile. Mimi jela siipendi sana. Aliye ndani hatumi hata senti. Nimeona wengi wakilainika siku waranti inapowafikia, na hapo ndipo pa kusema kwa utulivu: alete 6,000 za kila mwezi na 3,000 juu yake za kulipa deni. Ni karibu miezi 21, lakini watoto watakuwa wanakula.

Kuhusu kukosa kazi, ni juu yake kurudi kortini aombe kiasi kipunguzwe. Kabla hajafanya hivyo, 6,000 ni 6,000. Na asikuambie hamkuoana: kifungu cha 53 cha Katiba kimewabebesha baba na mama mzigo sawa, waliooana na wasiooana.

Ukikwama kwenye maandishi, FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapo Kisumu na huwafundisha wanawake kujisimamia kesi wenyewe. Siku ya kesi usiogope umati; kesi za watoto husikilizwa faraghani.

Sasa la wikendi, na hapa nitakukaripia. Matunzo na kuonana na baba ni mambo mawili. Ukiwazuia watoto, unampa yule bwana la kusema, na atalisema la kwanza kabisa mbele ya hakimu, pikipiki isahaulike. Jumamosi hii wapeleke. Ukiogopa maneno yake mlangoni, waende na shangazi yao, wewe ubaki na omena zako.