Jibu: Duara jeusi shambani, tanuri la makaa au la chuma?

Salaam ndugu. Umeuliza kama lile duara la udongo mweusi ulilolikuta ukilima upande wa Gede, karibu na Malindi, ni tanuri la makaa tu, au watu wa kale waliyeyushia chuma hapo.

Kwanza tafuta mavi ya chuma, yaani takataka iliyoganda inayobaki chuma kikiyeyushwa. Weusi usikushughulishe, mkaa wa juzi na wa miaka 700 unafanana. Mavi ya chuma ni mazito, yana vijitundu, na mengine yana mikunjo kama uji mzito uliomwagika ukaganda. Jaribu sumaku ya spika mbovu: mara nyingi hunasa, japo kidogo. Jiwe la matumbawe halinasi kamwe. Angalia pia vipande vya mrija wa udongo wa viriba (mifuko ya kupulizia moto hewa), ncha imeyeyuka ikawa kama kioo cha chupa.

Usipoviona, huenda ni makaa tu. Duara la shambani kwangu lilinihangaisha wiki nzima, mpaka nilipoona vishimo pembeni walikochota udongo wa kufunikia magogo. Uingereza, ambako makaa ya miti ndiyo yaliyolisha matanuri ya chuma kabla mfua chuma Abraham Darby hajatumia koki (makaa ya mawe yaliyookwa kwanza) mwaka 1709, alama ni vibaraza bapa vilivyochongwa kwenye miteremko ya misitu. Kwetu tambarare, usivitafute.

Wazo lako si la ajabu: al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu wa karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba na kuuza chuma. Ila umri hausomeki kwa macho. Ukipata kipande kimoja tu, weka jembe chini, kipige picha palepale kilipo, kisha waite watu wa makumbusho pale Gede.