Katuni iliyomharibia Blaine

Umeuliza kama kuna katuni ya gazeti iliyowahi kumwangusha mgombea urais. Kumwangusha peke yake, sidhani. Lakini itazame ya Walt McDougall, ukurasa wa mbele wa New York World, 30 Oktoba 1884, siku chache tu kabla ya Wamarekani kupiga kura.

Usiku uliotangulia, James Blaine, mgombea wa chama cha Republican, alikuwa amealikwa na matajiri kwenye mgahawa wa Delmonico's. Basi McDougall akamchora kama mfalme Belshaza, yule wa kitabu cha Danieli aliyekula karamu huku maandishi ya kumtabiria anguko yakitokea ukutani. Mezani kuna tajiri wa reli Jay Gould na wenzake, na vyakula vimeandikwa majina: supu ya ukiritimba, keki ya upendeleo. Mbele ya meza, baba, mama na mtoto, nguo zimechakaa, wanaomba makombo. Hapo hata asiyejua kusoma ameshaelewa.

Democrat hawakulaza damu, wakaibandika kwenye mabango New York nzima.

Blaine alipoteza jimbo la New York kwa kura elfu moja na ushee tu, na jimbo hilo ndilo lililompa mpinzani wake wa Democrat, Grover Cleveland, urais. Ila tuwe wakweli: siku ileile ya karamu, asubuhi, mchungaji mmoja aliyemuunga mkono aliwatukana Wakatoliki mbele yake, naye akakaa kimya. Kwa maoni yangu hilo lilimuumiza zaidi, maana Wairishi Wakatoliki wa New York walikuwa wengi.