Mbona saa za nyumba moja hazilingani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kuna jambo linanikera kila siku, naomba mnisaidie. Simu inasema hivi, tivi inasema vile, oveni iko mbele dakika tano, ya ukutani iko nyuma, nazirekebisha zote zinakaa sawa halafu baada ya miezi miwili mitatu zimeshaachana tena. Ni ubovu wa vifaa au? Na niamini ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, vifaa vyako vizima kabisa, usivitupe. Shida ni kwamba kila saa inahesabu kivyake, na nyingi hazina pa kuuliza kama zimekosea.

Chukua ile ya ukutani ya betri. Ndani yake kuna kipande kidogo cha kwatzi (aina ya jiwe la fuwele) kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, sakiti inahesabu, ikifika hapo inasogeza mshale sekunde moja. Hiyo namba imechaguliwa makusudi, maana ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na 1 kamili na kugawa kwa mbili ndio kazi nyepesi kuliko zote kwa sakiti. Sasa vipande hivi havitetemeki sawasawa, kosa la kawaida ni kama sekunde 20 kwa kila sekunde milioni. Unaweza kusema hiyo si kitu, ila siku ina sekunde 86,400, kwahiyo hapo saa inapoteza au inazidisha sekunde 1.7 hivi kwa siku, kwa mwezi karibu dakika nzima, kwa mwaka dakika kumi! Na kama moja inakimbia na nyingine inachelewa basi zinaachana mara mbili ya hapo. Joto nalo lina mchango wake, kwatzi ya aina hii iko vizuri kwenye nyuzi 25 hivi, ikipata joto sana au baridi sana, kote kote inachelewa.

Oveni na maikrowevu ni habari nyingine kabisa, na mimi naona ndio za kuvutia zaidi. Nyingi zinahesabu mizunguko ya umeme wenyewe unaotoka ukutani, mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi. Yaani saa yako inafuata mwendo wa mitambo ya umeme huko inakozalishwa, mitambo ikizubaa na saa inazubaa. Mwanzoni mwa 2018 ilitokea Ulaya, kulikuwa na mvutano wa umeme kati ya Serbia na Kosovo, umeme ukawa unatumika zaidi ya uliozalishwa, na kwa kuwa nchi 25 zilikuwa zimeunganishwa kwenye gridi moja wote wakaathirika. Kuanzia katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Machi wastani wa mizunguko kwa sekunde ulishuka toka 50 hadi 49.996 tu, basi hiyo ilitosha kuchelewesha saa za oveni kama dakika sita nchi zote hizo, watu wanachelewa na hawajui kwanini. Jenereta ndio usiseme, ikizunguka 52 badala ya 50, saa inakimbia zaidi ya dakika mbili kila lisaa.

Simu nayo ina kwatzi ndani na inakosea vilevile, tofauti yake ni kwamba inasahihishwa kila mara kutoka kwenye mtandao wa simu au seva za intaneti, ambazo zenyewe zinafuata saa za atomu, yaani zinazohesabu mitetemo ya atomu. Utaratibu wa kupeana muda kwenye intaneti aliuanzisha David Mills, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, miaka ya 1980 na mpaka leo ndio tunaotumia. Kwahiyo amini simu, ila hakikisha umeiacha kwenye kujiseti yenyewe.

Tivi inapokea muda pamoja na matangazo au kwa intaneti. Ikikosea lisaa lizima kamili jua ni seting ya ukanda wa saa, hiyo sio kwatzi. Ile saa inayoonyeshwa kwenye kioo na kituo huwa nyuma sekunde kadhaa kwasababu picha ya dijitali inachukua muda kubanwa, kusafirishwa na kufunguliwa.

Na kitu kingine watu hawakiangalii, saa zisizoonyesha sekunde zinaweza kupishana sekunde moja tu ukaona zimepishana dakika nzima, kwahiyo tofauti ya dakika moja isikuumize kichwa.

SWALI: Nililetewa saa ya mezani kutoka Marekani, ya kuchomeka ukutani, naitumia na transfoma ya kushusha volti. Inachelewa dakika kumi kila lisaa! Fundi kaifungua kasema haina tatizo.

JIBU: Fundi yuko sahihi. Marekani umeme unazunguka mara 60 kwa sekunde na saa yako imefundishwa kwamba 60 ndio sekunde moja, hapo ulipo inaonekana ni 50, so sekunde yake imekuwa ndefu, na kila lisaa inahesabu dakika 50 tu. Transfoma inashusha volti peke yake, mizunguko inabaki ileile. Igeuze uangalie nyuma au chini, baadhi zina swichi ndogo ya 50/60, isogeze kwenye 50 na itakaa sawa. Kama haina, tafuta saa ya betri au inayojiseti kwa intaneti, maana hata ukiirekebisha kila asubuhi jioni itakuwa nyuma karibu masaa mawili.