Maswali ya Wasomaji: Timu Moja, Kitenzi cha Wingi?

SWALI: Ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu huandika "The police is coming" na "The furnitures are new", nami huwasahihisha. Hata hivyo, wakisoma habari za michezo za Uingereza hukuta "Liverpool are leading", kisha huniuliza kwa nini timu moja ipewe kitenzi cha wingi. Niwajibuje? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, umewasahihisha vyema, na hao waandishi wa michezo nao hawajakosea. Katika Kiingereza cha Uingereza, nomino inayotaja kundi la watu, kama vile "team", "committee" au "staff", huchukua kitenzi cha umoja pale kundi linapochukuliwa kuwa kitu kimoja, na cha wingi pale mwandishi anapowawazia watu waliomo. "The committee has published its report" ni sahihi; "The committee are still arguing among themselves" pia ni sahihi, kwa kuwa wanaobishana ni wajumbe. Wamarekani kwa kawaida hutumia umoja. Mwanafunzi achague njia moja na asiyumbe ndani ya insha ileile.

Kwa "police", "people" na "cattle" hakuna hiari: kitenzi ni cha wingi, ingawa hazina "s" mwishoni. Kinyume chake ni "news", yenye "s" lakini ikadai umoja: "The news is good".

Kazi kubwa iko kwenye nomino zisizohesabika, na hapo naona upatanisho wa lugha yetu ndio unaowaponza wengi. Sisi husema "maji yamechemka", "samani zimefika", "vifaa vimeharibika". Mtoto aliyekulia katika viambishi hivyo huandika "furnitures" na "equipments" bila kusita, na si kwa uzembe. Kiingereza hudai "The water has boiled" na "The furniture has arrived". Akitaka kuhesabu, sharti aongeze neno la kuhesabia, na kitenzi hulifuata hilo: "Two pieces of furniture have arrived".

Ningekushauri usiwakaririshe orodha ya nomino pekee. Waandikie ubaoni kila nomino ndani ya sentensi kamili, kisha wape sentensi za Kiswahili zenye maji, samani, ushauri na habari wazitafsiri, kwani hapo ndipo utakapoona ni nani bado anafuata ngeli zetu.