Maswali ya wasomaji: barua ya jumuiya, misa ya Jumamosi jioni na mazishi ya asiyekuwa na kadi ya zaka

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wiki hizi meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinahusu maisha yetu ya parokia, sio mambo makubwa ya teolojia, ni haya ya kila wiki yanayomfanya mtu alale na kinyongo au aamke na furaha ya kwenda misa. Nimechukua nne. La kwanza nitakaa nalo maana limeulizwa na watu wengi kwa maneno tofauti tofauti.

Shikamoo mama. Mimi mzaliwa wa Mbinga, nipo Dar mwaka wa tatu sasa, nimepanga Kimara. Ndoa tumefunga kanisani kule nyumbani, misa ya Dominika sikosi na sadaka natoa. Tumepata mtoto, nimeenda ofisi ya parokia kumwandikisha ubatizo nikaambiwa lete barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Jumuiya yenyewe siijui, hapa ninapokaa watu wanatoka saa 11 alfajiri wanarudi saa 3 usiku. Nimeumia sana. Hii ni sheria ya Kanisa au ni watu tu wamejiwekea? — Baba Mpya, Kimara

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa mtoto, mpe pole na hongera mama yake pia.

Umeuliza sheria nami nianze na sheria. Kwenye Sheria za Kanisa zile za mwaka 1983 hamna mahali palipoandikwa barua ya jumuiya. Kilichopo ni kanuni ya 868, kwamba wazazi wakubali, au hata mmoja wao, na kuwe na tumaini la kweli kuwa mtoto atalelewa katika imani katoliki. Hilo tumaini ndo lenye kazi. Parokia zetu za mjini misa nne kwa Dominika moja na zote watu wamejaa mpaka nje kwenye maturubai, paroko anakuona kwenye foleni ya komunyo sekunde mbili tatu, hajui unakaa wapi wala kama nyumbani kwako kunasaliwa, kwahiyo anauliza watu wanaokaa na wewe mtaani. Barua ni jibu la hilo swali tu. Ni utaratibu wa kichungaji wa kwetu huku, sio sakramenti ya nane.

Na huu utaratibu una historia ambayo vijana wengi hawajaambiwa. Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, wakaamua kwamba Kanisa la huku lijengwe kwenye jumuiya ndogo ndogo za kikristo, watu wa jirani wanaosali pamoja na kusaidiana. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulikuwa umeisha 1965, mapadre walikuwa wachache, misioni iko mbali, mkristo anaonana na padre kwa mwezi mara moja au hata chini ya hapo. Kwa sisi Tanzania wazo halikuwa geni maana tulishakuwa na mabalozi wa nyumba kumi. Na Sinodi ya Maaskofu ya Afrika ya mwaka 1994 ilipolifananisha Kanisa na familia ya Mungu, wazee wetu mtaani walielewa bila kufafanuliwa, kwasababu kwenye familia mtu hajulikani kwa namba, anajulikana kwa kuonekana.

Sasa nikwambie jumuiya ikoje maana nahisi unadhani ni kikao cha michango. Ya kwetu tunasali Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, kabla watu hawajatawanyika. Nyumba ya zamu inatoa stuli au meza ndogo, kinatandikwa kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, Biblia imefunguliwa. Viti vya plastiki vinaazimwa kwa jirani ambaye ni Muislamu na hajawahi kutunyima hata siku moja. Kinamama wanakaa mkekani, watoto bado wana usingizi, mtu anasoma Injili ya Dominika inayofuata kisha kila mmoja anarudia neno lililomgusa, neno moja tu au kipande, halafu kimya, kimya kweli unasikia majogoo na bodaboda kwa mbali, ndo baadaye watu wanaongea. Utaratibu huu tunauita hatua saba, ulitoka Afrika Kusini kwenye taasisi ya Lumko, na hatua ya sita ndo ngumu, mnajiuliza Neno hili linatutuma tufanye nini wiki hii. Hapo ndo unasikia bibi wa nyumba ya kona ana siku tatu hajatoka nje, kijana fulani amefukuzwa kazi, mama fulani amejifungua kwa kupasuliwa na hana wa kumfulia. Watu wanagawana hizo kazi palepale. Muda wote ni kama saa moja.

Mtoto wako akibatizwa anaingizwa kwenye hao watu, ndo maana wanataka kumjua.

Cha kufanya: Dominika hii baada ya misa usikimbilie daladala, nenda kwa katibu wa parokia au kwa katekista umtajie mtaa na alama ya karibu, duka, shule, chochote, atakuambia jumuiya yako ni ipi na simu ya mwenyekiti. Wewe au mama mtoto mmoja wenu aende Jumamosi, mwingine akipata nafasi. Wenye kazi za kutoka alfajiri na kurudi usiku tunao wengi tu na wanafahamika, kinachotakiwa ni wajulikane wapo. Cheti chenu cha ndoa mbebe. Na msimamizi wa ubatizo mtafuteni mapema, awe mkatoliki aliyetimiza miaka 16, mwenye komunyo ya kwanza na kipaimara, asiwe baba wala mama wa mtoto, na awe anaishi imani yake, sio rafiki mwenye gari la kuwabeba siku hiyo.

Ila na hili ulijue na mke wako alijue, mtoto akiwa kwenye hatari ya kufa hamna barua. Abatizwe mara moja. Padre au shemasi asipopatikana mtu yeyote mwenye nia ya kufanya linachofanya Kanisa anaweza, unammiminia maji kichwani huku unatamka "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", akipona mnakwenda parokiani kuandikisha na kukamilisha yaliyobaki.

Na nyie viongozi wa jumuiya mnaosoma hapa, naomba mnisikilize. Kuna wenyeviti wanashikilia barua mpaka mtu alipe madeni ya michango ya miaka miwili nyuma, ya ukumbi sijui ya ziara, na mtu mwenyewe kahamia mwaka jana. Hiyo hapana. Kanuni ya 843 inasema wahudumu hawawezi kuwanyima sakramenti wale wanaoziomba kwa wakati unaofaa, walio tayari na wasiozuiwa na sheria, na ya 848 inaongeza kwamba wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kama ana deni ongea naye kama ndugu siku nyingine. Kijana amekuja mlangoni na mtoto mikononi, mpokee kwanza.

Mimi ni nesi, shifti zangu za Jumapili naingia saa 1 asubuhi natoka saa 1 usiku. Huwa naenda misa ya Jumamosi jioni ila dada mmoja wa jumuiyani anasema hiyo haihesabiki, ni ya wavivu. Nifanyeje? — Nesi, Mwanza

Inahesabika dada yangu. Kanuni ya 1248 iko wazi, anayeshiriki misa siku yenyewe ya Dominika au jioni ya siku iliyotangulia ametimiza amri. Tena kwa liturujia Dominika inaanza jioni ya Jumamosi, hicho kitu tumerithi kutoka kwa Wayahudi ambao siku yao inaanza jua linapozama. Na ikitokea shifti imebana pande zote, au mtu anauguza mtoto mchanga, Kanisa linasema mwenye sababu nzito hana kosa, ila asiiache siku ipite hivi hivi, asome masomo ya siku, asali mwenyewe au na nyumba yake. Vigangoni huko padre anafika kwa zamu, Dominika nyingine zote katekista anaongoza ibada ya Neno na watu wanajaa. Wewe unayemgeuza mgonjwa kitandani siku ya Bwana usikubali mtu akakuita mvivu.

Mama, baba yetu mdogo amefariki mwezi uliopita. Alikuwa mkatoliki amebatizwa na kuimarishwa lakini kadi yake ya zaka ilikuwa tupu miaka mingi na jumuiyani alikuwa haendi. Viongozi walikataa kuja msibani, wakasema hakuzika wenzake na yeye asizikwe. Tulimzika wenyewe kwa sala za familia. Roho inaniuma. Je Kanisa linaruhusu hivi? — Mtoto wa marehemu, Morogoro

Pole sana mwanangu. Poleni wote hapo nyumbani. Raha ya milele umpe ee Bwana.

Sheria za Kanisa zinataja watu wa kunyimwa mazishi ya kikanisa kwenye kanuni ya 1184, ni walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu za kupinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waamini, nao hao wote kama walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa wanazikwa. Kukiwa na mashaka anaulizwa askofu. Kadi tupu ya zaka haimo. Na kanuni ya 1181 inakataza upendeleo kwenye mazishi na inasema maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Hata mkatekumeni ambaye hajabatizwa bado anahesabika kwenye mazishi kama muumini, sembuse baba yenu mwenye kipaimara.

Sasa sisemi zaka haina maana. Ina maana sana, kanuni ya 222 inatutaka waamini tulitegemeze Kanisa, paa la kanisa linavuja kwa wote, katekista naye ana watoto wa kusomesha. Na hao viongozi nawaelewa uchungu wao kidogo, wamebeba majeneza ya watu wengi juani na wanaona wengine wanatokea siku ya kufa tu. Lakini uchungu sio sheria.

Nilikuwa katibu wa jumuiya miaka sita. Kulikuwa na mama anauza maandazi, daftarini hayumo, jumuiyani haji, tukawa tunamsema. Alipofiwa na binti yake tulibishana nusu saa twende tusiende na mimi nikiwa na daftari mkononi nikasema jina halipo. Tulikwenda kesho yake, siku moja imepita. Tulipofika tukakuta rozari imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, shanga zimepauka kwa kushikwa, na yule mama akatuambia kila siku saa 9 usiku akiwasha jiko anasali mafumbo yote ndo akande unga. Jumamosi alfajiri tunaposali sisi yeye yuko stendi anauza. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Tangu siku hiyo jumuiya yetu ilianza kumpelekea kinamama wawili Jumatano jioni, na hilo daftari nikaongeza safu mpya, sababu ya kutoonekana, ambayo huwezi kuijaza mpaka umeenda kwa mtu nyumbani.

Kwa baba yenu bado hamjachelewa. Nendeni kwa paroko, sio kwa mwenyekiti, mumweleze yaliyotokea kwa utulivu, mwombe misa ya kumwombea marehemu na mwulize kama padre anaweza kufika kubariki kaburi. Nia ya misa ina sadaka yake ya kawaida ila kama hamna, semeni hamna, mapadre wanahimizwa na kanuni ya 945 kuadhimisha kwa nia ya wahitaji hata bila kupokea kitu. Na kama mna nguvu ya moyo waalikeni hao viongozi waje.

Kwaya yetu inaimba vizuri sana lakini Utukufu na Mtakatifu siku hizi ni nyimbo mpya kila wiki, sisi tumesimama kama tunaangalia tamasha. Nikisema naambiwa napinga vijana. — Mzee wa misa ya kwanza, Bukoba

Shikamoo mzee wangu. Hupingi vijana. Hati ya Mtaguso juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963 inataka waamini wote washiriki kikamilifu, kwa kuelewa na kwa vitendo, na inaposifia kwaya inasema pia wachungaji wahakikishe umati wote unaweza kuimba sehemu zake. Mtakatifu ni wa watu wote pamoja na padre. Wimbo wa katikati una kiitikio cha watu. Hapo kwaya iongoze, isituimbie. Nyimbo ngumu zenye sauti nne na kinanda kinachokimbia zina nafasi yake, wakati wa matoleo, au baada ya komunyo watu wametulia, na mimi mwenyewe zikipigwa vizuri machozi yananitoka.

Kaa na mwalimu wa kwaya, sio na paroko kwanza. Mwambie achague Misa moja, yaani seti moja ya Utukufu, Mtakatifu na nyimbo zake nyingine, waimbe miezi mitatu mfululizo, na dakika tano kabla ya kengele ya kuanza atoke mbele awafundishe watu viitikio. Kuna parokia wamefanya hivyo, dominika ya tatu tu misa ya saa 12 asubuhi wazee walikuwa wanaimba bila kitabu, mlango ukiwa wazi unawasikia kutoka barabarani.